Kitanda cha Kadibodi

Kwa miaka mingi nilibeba kipande cha kadibodi ndani ya pochi yangu, pale ambapo wenzangu huweka picha za watoto wao. Kilikuwa kifupi kuliko kidole gumba. Nilikikata kwenye boksi la viatu, na kwa kipimo ninachochorea kilikuwa kitanda cha mgonjwa: urefu futi sita, upana futi mbili. Kila nilipomaliza kuchora korido ya zahanati, nilikitoa, nikakiweka juu ya karatasi na kukisukuma kwa ncha ya penseli kutoka mlango wa mbele hadi chumba cha mwisho. Kikipita kona zote bila kugusa mstari, nilisema ramani imekubali, nikaenda kunywa chai.

Kazi yangu ni kuchora vituo vya afya, vile vidogo vya mtaani, vya chumba cha daktari, chumba cha dawa na wodi ya akina mama. Nimechora Thika na nimechora Ruiru. Sikusomea. Shule niliacha kidato cha pili, nikaajiriwa kufagia ofisi ya msanifu mmoja wa majengo mjini Thika, na kwa sababu nilikuwa nafagia polepole nikawa naona anavyochora. Baadaye akanipa kalamu. Leo ninafanya kazi kivyangu, kwenye meza yangu nyumbani Kamenu, hapo hapo Thika, na msanifu huyo huyo ndiye hupitia ramani zangu na kuzigonga muhuri ili kaunti izipokee. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanidhania msomi. Wateja huniita injinia. Mara ya kwanza huwakataza, na mara ya pili. Ya tatu huwa nanyamaza.

Nina daftari ambamo huandika kila jioni mambo ya siku hiyo. Haya ninayoyaeleza mengi yamo humo, na pale ambapo daftari na kichwa changu havikubaliani nitasema.

Jengo ninalotaka kulieleza liko Kimbo, upande wa Ruiru. Mwenyewe alikuwa nesi mstaafu, mjane, mkunga aliyewapokea vijana wengi wanaoonekana leo wakiendesha bodaboda hapo stejini. Alikuwa na ploti ya futi hamsini kwa mia aliyoachiwa na mume wake, na alitaka kituo cha kujifungulia. Vyumba sita, alisema, si zaidi, lakini viwe vya maana. Nilimchorea lango katikati, korido ya upana wa futi sita kwenda moja kwa moja mpaka nyuma, kisha kona ya kulia, na huko ndani chumba cha kujifungulia na wodi ya mama na mtoto. Mbele, maduka mawili.

Maduka lazima. Huku kwetu hakuna anayejenga kando ya barabara bila kuweka maduka mbele. Makanisa huweka. Msikiti ninaoswalia una maduka mbele, kwa hiyo siwasemi wengine.

Duka la kulia lilikuwa la shemeji yake, ndugu wa marehemu, aliyetaka kuuza vifaa vya ujenzi. Tuliketi sebuleni kwa nesi, ramani mezani, vikombe vya chai vikishikilia pembe zake. Shemeji aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya korido.

"Futi sita hizi ni za nini? Mnacheza mpira humu?"

"Ni za kupitisha wagonjwa," nikasema.

"Wagonjwa wa huku ni wanono kiasi gani? Mimi nina mabati ya futi kumi, nitayageuzia wapi? Nipe futi mbili hapa mbele, na mbili pale nyuma, kila mtu aende nyumbani na furaha."

Sitaki asomeke kama mtu mbaya. Ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwa msingi, ndiye aliyelala kwenye ploti mchanga usiibwe, na ndiye aliyekuwa akimpeleka nesi hospitali alipougua mgongo. Futi mbili hazikuwa kitu kikubwa kwa mtu kama huyo kuomba. Nesi alinigeukia mimi.

"Ikiwa futi nne, kitanda kitapita?"

Nikatoa pochi. Nilichora mistari mipya kwa penseli, nikasukuma kadibodi yangu mbele ya macho yao. Ikaenda, ikafika konani, ikageuka polepole kama mtu anayepita kwenye mkeka wa wenyewe, ikaingia chumba cha kujifungulia. Nesi akacheka kwa kufurahi.

"Itapita," nikasema, naye akasema nitoe hizo futi mbili.

Neno hilo, itapita, liko kwenye daftari. Nililiandika kwa kujivunia.

Jengo likapanda. Mawe ya Ndarugu, lenta, mabati, plasta. Mlango wa nyuma nilikuwa nimeuchora, lakini ulipofika wakati wa tangi la maji tukaona halina pahali pengine pa kukaa, mlango ukaondolewa, na msanifu na kaunti wakapitisha. Madirisha ya nyuma yakawekwa grili za kuzuia wezi, maana Kimbo ni Kimbo. Fundi alijenga kama nilivyochora, inchi kwa inchi. Plasta ikala inchi moja kila upande, kama inavyokula siku zote.

Wakati mafundi wanaweka taili, jirani yangu wa Kamenu alilazwa hospitali kuu ya Thika, nikaenda kumwona. Nilikuwa nimesimama karibu na lifti nikingoja saa ya kuona wagonjwa ifike, akapita mhudumu anasukuma kitanda cha magurudumu, vyuma vya pembeni vimeinuliwa, mgonjwa amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Vitanda vya namna hiyo nimeviona maisha yangu yote. Siku hiyo nilikuwa na tepu mfukoni. Sijui kwa nini niliitoa. Alipokirudisha kitupu nilimwomba ruhusa nikakipima.

"Mzee, kwani unataka kununua?" akaniuliza.

"Hapana. Hivi vyote viko hivi?"

"Kuna vikubwa zaidi. Panda basi, tukupime na wewe."

Futi sita na nusu. Upana futi mbili na nusu, na vile vyuma. Nikasimama na tepu mkononi.

Kadibodi yangu ilitoka wapi? Nilikumbuka vizuri. Miaka hiyo ya mwanzo nilikwenda zahanati moja nikamwambia nesi wa zamu, naomba kupima kitanda cha mgonjwa. Akanionyesha kile kitanda chembamba cha chumba cha daktari, cha kulalia mtu anapopimwa tumbo. Hakukosea, ni kitanda, na mgonjwa hulala juu yake. Ila hicho hakina magurudumu. Hicho kikishawekwa pembeni ya ukuta hakisogei mpaka zahanati ifungwe. Nami nilikuwa nimekisukuma kwenye makorido ya watu kwa miaka mingi, juu ya karatasi.

Nilirudi nyumbani nikakata kadibodi mpya, nikatandika ramani ya Kimbo. Konani ikagusa. Nikaijaribu kwa kuitanguliza miguu, nikaijaribu kwa kuitanguliza kichwa. Halafu nikajikuta nimeshika wembe, ninaipunguza pembeni. Kipande cha kadibodi, ninakipunguza ili kipite. Niliuweka wembe chini, nikaketi nikiutazama.

Baada ya hapo ni siku kumi na moja. Daftari linazo zote na sizipendi. "Leo sikumpigia." "Leo nilimpigia, akashika, nikamuuliza habari ya mgongo." "Leo nilipita Kimbo, nikaona taili zimefika konani, za rangi ya maziwa, nzuri." Nilifikiri kila njia ya kutoka. Nikisema, kona itabomolewa, duka la shemeji litaliwa, na msanifu ambaye jina lake ndilo liko kwenye muhuri huenda asigonge tena ramani yangu hata moja; na bila muhuri wake mimi ni mzee anayechora picha. Nikinyamaza, siku moja mama mmoja nisiyemjua atakwama pale. Huenda asikwame. Huenda wambebe. Nilikuwa nikifika hapo kwenye huenda, ninaanza upya.

Mwishowe nilijiambia kwamba karatasi inaweza kudanganya kwa upande huu kama ilivyodanganya kwa ule. Nikamwendea seremala wa hapo Kamenu, akanitengenezea fremu ya mbao yenye vipimo vile vya Thika, mbao za pembeni badala ya vyuma, mbao za msalaba chini, na magurudumu manne ya toroli ya zamani. Aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kuanikia mahindi.

Nilichagua Ijumaa saa saba. Mafundi huwa wamekwenda kula kibandani, na yeyote anayenijua anajua saa hiyo niko msikitini. Yaani nilichagua saa ambayo hakuna ambaye angenitafuta. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, haikubali.

Mwenye pikapu aliishusha fremu mlangoni Kimbo akaenda zake. Nilikuwa peke yangu. Fremu ilikuwa nzito mbele, kwa hiyo badala ya kuisukuma niliivuta, nikienda kinyumenyume kwenye korido niliyoichora mwenyewe, nyayo zangu zikiacha vumbi kwenye taili mpya. Ilifika konani nikaanza kuigeuza. Pembe ya mbele ikasugua ukuta wa nje. Ubavu ukashika kona ya duka. Nikavuta kwa nguvu, kwa hasira kidogo, nikidhani labda gurudumu limekwama kwenye taili. Fremu ikalia mlio mmoja, ikanyamaza. Haikwenda mbele wala kurudi nyuma. Mimi nilikuwa upande wa ndani.

Nyuma yangu kulikuwa na chumba cha kujifungulia na wodi, vitupu, vinanuka rangi. Madirisha mawili yenye grili. Ukuta ambao ungekuwa na mlango. Nilijaribu kutambaa chini ya fremu, zile mbao za msalaba zikanizuia. Nilijaribu kupanda juu, goti langu la kushoto likakataa. Adhana ikasikika kutoka upande wa stejini, nami sina pa kupitia.

Kusema haki, sikuwa nimefungwa. Mbao zenyewe zilikuwa nyembamba. Mateke mawili matatu na ningekuwa nje, swala ningeiwahi, fremu ningesema imevunjika njiani, na ningebaki na ile huenda yangu mpaka siku ya kufungua. Mguu niliuinua. Nakumbuka niliuinua wa kulia, ule mzima. Nikautazama ule ubavu wa mbao ulivyouma plasta, nikaona kwamba nikiivunja hii, hakuna tena atakayeona kitu kilichokwama. Watabaki na maneno yangu tu, na maneno yangu walishakuwa nayo: itapita.

Nikaushusha mguu. Nikatoa simu. Ningeweza kumpigia fomeni. Angekuja, angecheka, angenitoa. Nikampigia nesi.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwangu napika. Kwani leo hujaenda kuswali?"

"Sijaenda. Naomba uje hapa kwa mjengo."

"Kuna mtu ameumia?"

"Bado," nikasema.

Hakukaa. Alikuja na leso kiunoni, mkono mmoja bado una maji ya vitunguu. Nilimsikia akivua viatu mlangoni asichafue taili, halafu akatokea kwenye korido akasimama upande ule wa fremu.

"Sasa huko nyuma unafanya nini?"

"Nimekwama."

"Toka basi."

"Ndiyo hiyo shida, mama."

"Na hii ni nini?"

"Ni kitanda. Kipimo cha kile cha magurudumu, cha hospitali."

Akaipima kwa macho. Kisha akashika upande wa kichwa kwa mikono miwili, akaegemeza nyonga, akasukuma mara moja. Haikuwa kusukuma kwa mtu anayejaribu. Ilikuwa kusukuma kwa mtu aliyefanya hivyo miaka thelathini, anayejua kitanda kinachokwenda na kisichokwenda. Akakiachia.

"Uliniambia itapita."

"Nilikwambia."

"Nikakuuliza mbele ya shemeji, na nikakuuliza tena hapo nje kwa gate. Mara mbili."

Mimi nakumbuka mara moja, na daftari lina mara moja. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kukumbuka, na huenda daftari ndilo lililosahau.

"Umejua lini?"

Hapo ningeweza kusema leo. Fremu ilikuwa pale, mpya, ingenitetea.

"Leo ni siku ya kumi na moja."

"Siku kumi na moja. Ulikuwa unangoja nini, taili zikauke?"

Nikazitazama taili.

"Wewe unajua mama akianza kumwaga damu tuna muda gani? Hatuna. Gari liko hapo nje linanguruma, na mimi na wewe tuko hapa konani tunageuza kitanda kama kabati la mtu anayehama."

Aliangalia ukuta wa duka. Nilijua anachokiwaza, na nilikuwa nimejiapiza nisikitaje mimi. Alikitaja mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyesema toa futi mbili. Sisemi sikusema. Lakini mimi ni nesi. Mtu wa ramani ni wewe."

"Ni mimi."

Alivuta ndoo ya rangi akaigeuza, akaketi. Mimi nikaketi chini upande wangu, nikaegemea mlango wa chumba cha kujifungulia. Tulikaa hivyo kama watu wanaongoja dawa. Nikamwambia nadhani nikisukuma sana kwa bega inaweza kutoka.

"Usiguse," akasema. "Kaa hapo hapo. Nataka shemeji akukute hivyo."

Akampigia simu. Nilisikia akimwambia, njoo uone duka lako, halafu akakata. Kwa hiyo nilikaa. Nilikuwa nimeamua mwenyewe kutovunja fremu, lakini sasa hata nikitaka sikuwa na ruhusa, na hilo lilinitia joto usoni kuliko nilivyotegemea. Niliyatazama madirisha yangu. Nilikuwa nimeyaweka juu ili watu wa nje wasichungulie akina mama. Kutoka chini pale nilipoketi hayakuonyesha kitu ila ukuta wa jirani.

Mafundi ndio waliorudi kwanza. Fomeni aliinama akachungulia chini ya fremu, akaniona.

"Niaje mzee. Umeingia wodi mapema."

"Poa," nikasema, kwa sababu sikupata neno lingine.

"Sasa si mgonjwa asimamishwe tu? Tunamsimamisha hivi, tunamgeuza kama mlango, anaingia." Wenzake wakacheka. Nesi hakucheka, wakaacha.

Shemeji alipofika alijaza korido. Alitazama fremu, akanitazama mimi, akatazama ukuta wake.

"Injinia, umejijengea jela?"

"Nimekosea kipimo," nikamwambia. "Kile nilichowaonyesha siku ile hakikuwa kitanda kinachotembea. Kosa ni langu, si la fundi. Wala si lako."

"Muhuri uko kwenye ramani?"

"Uko."

"Kaunti ilipitisha?"

"Ilipitisha."

"Basi wewe nani kubomoa kitu chenye muhuri? Mimi nimeshapima rafu zangu. Seremala amekata mbao." Alikuwa anasema kweli, mbao nilikuwa nimeziona zimeegemezwa dukani. "Kwa hiyo katika jengo zima, mgonjwa ni duka langu."

"Nikikata pembe ya ukuta," nikasema, "futi nne kila upande, ukuta ukae mshazari, kitapita. Duka litapungua kona moja."

"Umesema kitapita tena."

Hilo liliniingia. Ni haki yake kulisema.

Nesi aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Binti yako ana mimba ya miezi mingapi?"

Shemeji akageukia mlango wa nje.

"Atajifungulia wapi? Si umesema hapa kwangu? Sasa akinizidi, nikitaka kumkimbiza Thika, nimpitishe wapi? Dirishani?"

"Dirisha lina grili," fomeni akasema, kwa sauti ndogo, na bila kutaka utani. Wote tukaangalia grili.

Shemeji alitoa kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. Alinyoosha tepu yake mwenyewe, akapima ukuta wa duka kutoka pembeni futi nne, akaweka alama kwa kucha. Akapima upande wa pili.

"Bomoeni," akasema. "Lakini nyundo ya kwanza ashike yeye."

Ikabidi mafundi wainue fremu ile na kuisimamisha wima, kama fomeni alivyosema mzaha, ndipo nikapita kwa ubavu nikatoka. Nikapewa nyundo. Mikono yangu ni ya kalamu. Nilipiga, na kilichodondoka ni kipande cha plasta, kidogo kama kidole gumba. Hakuna aliyecheka. Fomeni aliichukua nyundo taratibu akaendelea.

Swala ya adhuhuri niliswali humo humo, kwenye kona ya wodi, juu ya karatasi za mifuko ya simenti, nyundo zikilia.

Kwa msanifu nilikwenda Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuiona kadibodi. Aliigeuza kwenye kiganja chake, akasema, "Na mimi nimekuwa nikiona korido za futi nne zako, nikidhani umeuliza." Akanirudishia. "Nilipaswa kukuuliza." Hakulazimika kusema hivyo. Aliichora upya pembe ile kwa kalamu nyekundu, akapeleka kaunti mwenyewe. Muhuri hakuninyima, ila tangu siku hiyo hunikalisha upande wa pili wa meza na kunihoji mlango kwa mlango, na mimi huloa jasho kama mwanafunzi. Nadhani ni sawa. Siku nyingine sidhani.

Ukuta wa mshazari ulipokauka, nesi aliniita niende na fremu. Tuliiweka mlangoni. Nilifikiri tutaisukuma tupu. Yeye akatandika leso juu ya mbao, akapanda, akalala chali, akakunja mikono tumboni.

"Nisukume."

"Mama, mbao hizi…"

"Wewe sukuma."

Nilimsukuma. Tulipita duka la shemeji, naye akasimama mlangoni pake na kalamu sikioni akitazama. Tukafika konani, nikaigeuza, nafasi ikabaki kila upande. Tukaingia chumba cha kujifungulia. Nilikuwa tayari kusema kitu, lakini yeye hakuinuka.

"Hii taa ni nani aliiweka hapa?"

"Ni mimi."

"Inaniingia machoni. Kutoka mlangoni mpaka hapa nimeangaliwa na taa nne. Mama mwenye uchungu utamwambia afunge macho?"

Nikasema nitazisogeza pembeni. Akateremka, akanionyesha mbao kwa kidevu. "Lala wewe."

Nililala. Mwanamke wa umri wake, mwenye mgongo mbovu, akanisukuma kutoka chumbani hadi mlango wa nje na kunirudisha. Niliona dari. Niliona juu ya milango, ambako hakuna aliyepaka rangi vizuri. Niliona jinsi mtu aliyelala hajui kona inakuja mpaka imefika. Vituo vyote nilivyochora nilivichora nikiwa nimeinama juu yake, kama mwewe, nikiona kila chumba na kila njia ya kutoka. Aliyelala haoni njia yoyote.

Kituo kilifunguliwa. Binti wa shemeji alijifungulia humo na hakuhitaji kukimbizwa popote. Shemeji ana rafu moja ya pembe tatu ambayo haiingii kitu isipokuwa misumari, na kila nikipita huniita niione.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kadibodi ile ilipita mahali pengine kabla ya Kimbo. Nilitoa ramani zangu zote nikazijaribu upya. Nyingi korido zake ni za moja kwa moja, hazina neno. Moja, ya zahanati ya Gitothua, ina kona.

Nilikwenda na fremu. Mwenye zahanati, daktari kijana mwenye adabu, alinipa kiti na soda, akaniacha niijaribu asubuhi kabla ya foleni kuwa ndefu. Ilikwama pale pale nilipojua itakwama. Alitazama, akatikisa kichwa kwa upole.

"Mzee, hilo tunalijua. Sisi huwabeba kwa shuka. Watu wanne, kila mmoja pembe yake."

"Na usipokuwa na watu wanne?"

"Tunaita walio kwenye benchi."

"Ningekuchorea upya. Bila malipo."

"Nashukuru. Lakini upande huu wa ukuta ni wa mwenye duka, na ana mkataba. Hakuna mgonjwa amelalamika." Alinisindikiza mpaka nje, akanisaidia kupakia fremu kwenye pikapu. Si mtu mbaya. Ana wagonjwa wengi na anawatibu vizuri. Mke wangu mwenyewe alitibiwa pale.

Nilimwandikia barua, nikachora na pembe, ya mshazari, kwa vipimo. Nikampelekea mkononi. Alisema ataangalia. Nilirudi baada ya mwezi, akasema bado anaongea na mwenye duka. Nilirudi tena. Nafikiri ataongea naye, na nafikiri hataongea naye. Siwezi kubomoa ukuta wa mtu. Siwezi pia kuurudisha ule mstari kwenye penseli.

Fremu niliirudisha Kamenu. Haina pa kukaa isipokuwa kwenye korido ya nyumba yetu, ambayo ni ya futi tatu na hakuna mtu aliyeichora. Mke wangu huanikia nguo za wajukuu juu yake mvua ikinyesha. Ameniuliza mara moja itaondoka lini, nikamwambia ikishapita kona ya Gitothua. Asubuhi nikitaka kwenda mezani kwangu lazima nipite kwa ubavu, tumbo ndani, mikono juu, nguo mbichi zikinigusa uso.

Leo pia nimepita hivyo. Nimeketi, nimetoa karatasi. Kuna mtu wa Kamenu hapa hapa anataka kituo kidogo, na ploti yake ni nyembamba, na mbele anataka maduka.